Kama mnyama wa miiba baharini naye ana jeni ya Huntington, kwa nini mageuko hayakuifuta?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Baba yangu mdogo amepimwa na kukutwa na ugonjwa wa Huntington, ule wa kurithi unaoharibu ubongo polepole. Katika kusoma kwangu nimekuta kwamba jeni inayouleta ipo hata kwa samaki, na hata kwa wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo. Nimechanganyikiwa. Kama jeni hii ni ya kale kiasi hicho na inaumiza watu kiasi hiki, kwa nini mageuko hayakuifuta zamani? Samaki nao huugua? Na mimi je, nina sababu ya kuogopa?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa yaliyomfika baba yako mdogo.

Jeni yenyewe haina hatia. Kila binadamu anayo, nakala moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, na bila hiyo hakuna mtoto anayezaliwa. Kinacholeta ugonjwa ni kipande kimoja kifupi, karibu kabisa na mwanzo wa jeni, kinaporefuka kupita kiasi. Kipande hicho kina historia yake, na ni fupi kuliko historia ya jeni nzima. Ni viumbe wa baharini, hao hao waliokuchanganya, ndio waliowawezesha wanasayansi kuzitenganisha historia hizo mbili. Kwa hiyo nitakupitisha kwao polepole, maana jibu lako limekaa huko.

Ugonjwa ulielezwa vizuri mwaka 1872 na George Huntington, daktari kijana wa Marekani aliyekuwa na miaka 22 tu. Aliona kwamba unashuka katika ukoo, mzazi hadi mtoto, na kwamba mtoto aliyeukwepa hawaambukizi wajukuu. Jeni ilichukua zaidi ya karne moja kupatikana. Mwaka 1983 ilijulikana kwamba ipo kwenye kromosomu namba 4, kwa msaada mkubwa wa familia za kando ya Ziwa Maracaibo nchini Venezuela, ambazo mtafiti Nancy Wexler na wenzake walizifuatilia kwa miaka mingi. Mwaka 1993 jeni yenyewe ikapatikana. Ndani yake kulikuwa na herufi tatu za DNA, CAG, zinazorudiwa mfululizo bila kitu katikati: CAG, CAG, CAG. Kila CAG huiagiza seli iweke asidi amino (tofali la kujengea protini) moja iitwayo glutamini, kwa hiyo marudio ya herufi yanakuwa mkia wa glutamini ndani ya protini.

Watu wengi wana marudio kati ya 17 na 20. Hadi 26 hakuna shida. Kuanzia 27 hadi 35 mwenyewe haugui, ila kuna jambo juu ya watoto wake nitakalolirudia. Kati ya 36 na 39 baadhi huugua na wengine hawaugui. Kuanzia 40, mtu akijaliwa umri wa kawaida, ataugua, mara nyingi dalili zikianza kati ya miaka 30 na 50. Marudio yakiwa mengi sana, 60 na zaidi, ugonjwa unaweza kuanza utotoni.

Sasa swali lako la kwanza, kwa nini haikufutwa. Protini inayotengenezwa na jeni hii huitwa huntingtini. Ni kubwa mno: asidi amino 3144, zilizojikunja na kupangika katika mikunjo inayofanana inayorudiwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Protini ya umbo hili hufanya kazi ya kushikanisha protini nyingine ili zifanye kazi pamoja, na huntingtini hushiriki katika mambo mengi kwa wakati mmoja: kusafirisha mizigo ndani ya seli za neva, kusafisha takataka za seli, kuongoza seli zinapogawanyika. Mwaka 1995 makundi matatu ya watafiti, kila moja kwa kazi yake, yalizalisha panya wasio na jeni hii kabisa. Viinitete vyote vilikufa mapema tumboni, hata kabla mfumo wa neva haujajengeka. Na kwa binadamu wamepatikana watoto wachache waliorithi hitilafu katika nakala zote mbili, huntingtini yao ikawa pungufu sana. Hawana ugonjwa wa Huntington. Wana tatizo jingine zito la ukuaji wa ubongo linaloanza tangu uchanga.

Hapo unaona kwamba mageuko yasingeweza kuifuta. Kiumbe wa ukoo wetu akiipoteza jeni hii anapoteza uzao. Ni sababu mojawapo pia inayowafanya watafiti wa dawa kwenda kwa tahadhari. Jaribio kubwa la dawa ya tominersen, iliyolenga kupunguza huntingtini ya aina zote mbili, nzima na mbovu, lilisimamishwa Machi 2021 kwa sababu wagonjwa waliopewa dozi za karibu karibu hawakupata nafuu waliyotarajiwa kuipata. Sidai kwamba kupungua kwa huntingtini nzima ndiko kulikoleta matokeo hayo. Ninachosema ni kwamba hatushughuliki na kitu ambacho mwili unaweza kukitupa.

Twende baharini, lakini tupitie kwanza nchi kavu kwa muda mfupi. Kuna ameba wa udongoni aitwaye Dictyostelium, kiumbe wa seli moja ambaye njaa ikimkaba hukusanyika na wenzake maelfu wakajenga kishina kidogo. Naye ana huntingtini. Ukoo wa ameba huyu uliachana na wetu kabla wanyama na kuvu hawajatengana, hivyo jeni hii ni ya kale kuliko mnyama wa kwanza. Hamira, ambayo ni kuvu na kwa hiyo iko karibu nasi kuliko ameba huyo, haina. Maana yake ni kwamba mahali fulani katika ukoo wa hamira jeni ilikuwepo ikapotea. Nzi wa matunda anayo, ndefu hata kuliko yetu, na ukimwondolea anakua hadi utu uzima, ila anadhoofika na kufa mapema kuliko wenzake. Linganisha na kiinitete cha panya kinachokufa siku za mwanzo kabisa. Jeni ni ile ile, lakini katika ukoo mmoja ni msaada na katika mwingine ni uhai wenyewe.

Na jambo la kushika ni hili: kwa ameba na kwa nzi, pale mwanzoni mwa protini ambapo sisi tuna mkia wa glutamini, mkia haupo.

Unaanza wapi? Ndipo wanapoingia ndugu zetu wa baharini. Ukoo wa wanyama unaotuhusu haujumuishi wenye uti wa mgongo peke yao. Ndani yake wamo pia kiti cha pweza na jamaa yake, yule mnyama wa duara mwenye miiba mirefu anayewachoma watu miguu kwenye miamba, ambaye hapa nitamwita nungunungu wa bahari. Wamo amfioksi, viumbe vidogo vyembamba kama samaki wasio na kichwa cha kueleweka, wanaojifukia mchangani huku wakichuja chakula majini. Na wamo tunikata, ambao wakiwa wazima hugandamana na miamba kama vifuko laini vinavyovuta na kutoa maji, lakini wakiwa wachanga huogelea wakiwa na mkia, uzi wa neva mgongoni, na chini yake notokodi, ule ufito unaotangulia uti wa mgongo. Babu wa pamoja wa kundi hili lote aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita.

DNA za wanyama hawa zilisomwa kwa kufuatana: tunikata wa jenasi Ciona mwaka 2002, nungunungu wa bahari wa zambarau wa pwani ya magharibi ya Marekani mwaka 2006, amfioksi mwaka 2008. Kabla ya hapo kulikuwa na pengo kubwa kati ya nzi na samaki, na hakuna aliyeweza kusema mkia ulizaliwa wapi. Mwaka 2008 watafiti wa Milan, Italia, katika maabara ya Elena Cattaneo, wakatoa jibu. Nungunungu wa bahari ana glutamini mbili mahali pale pale, zikitanguliwa na asidi amino nyingine mbili zinazopenda maji kama zenyewe. Amfioksi naye ana mbili.

Mbili tu. Ukiziangalia peke yake unaweza kuzipuuza, maana glutamini mbili zikikaa pamoja katika protini si ajabu. Uzito wake unaonekana ukiendelea kupanda: samaki wana nne, chura nne, kuku nne. Mamalia wakaanza kuzidisha. Oposamu, mnyama wa mfuko wa Amerika, ana sita, panya mdogo saba, panya mkubwa wa maabara nane, nguruwe anakaribia viwango vya binadamu, na binadamu tunaongoza tukiwa na 17 hadi 20 na zaidi. Mamalia pia waliongeza baada ya mkia huo eneo refu lililojaa asidi amino iitwayo prolini, ambalo samaki hana. Wakati huo huo asidi amino 17 zinazotangulia mkia zimebaki karibu zile zile kwa samaki na kwa binadamu. Yaani pembeni ya kipande kisichogusika kuna kipande kinachokua, vimekaa bega kwa bega ndani ya protini moja.

Samaki ninayependa kumtolea mfano ni bunju, yule anayejijaza maji akawa mpira. Mwaka 1995 jeni yake ya huntingtini ilisomwa yote ikalinganishwa na yetu. Vipande vyenye maagizo ya protini, ambavyo kwetu ni 67, kwake vilikuwa vile vile 67, kwa mpangilio ule ule. Lakini jeni nzima ya bunju ina urefu wa herufi kama 23,000 za DNA, na yetu kama 170,000. Tofauti karibu yote iko katika maeneo ya katikati yasiyo na maagizo ya protini. Miaka zaidi ya milioni 400 tangu tuachane na ukoo wake, na mpangilio wa maagizo haujavurugika! Nikionyeshwa jeni iliyotunzwa namna hiyo nasadiki bila kusita kwamba mageuko yanailinda kwa ukali.

Kuna ushahidi mwingine ambao hautajwi sana, nami naona ni mzito. Mwanzoni mwa historia ya wanyama wenye uti wa mgongo, DNA nzima ilijirudufu, na kwa samaki wengi wa leo ikajirudufu tena baadaye. Jeni nyingi zilibaki na nakala za ziada, zikagawana kazi. Huntingtini haikubaki na nakala ya ziada. Kwa samaki-pundamilia wa maabara ni moja, kwetu ni moja. Na samaki huyo ukimpunguzia huntingtini akiwa kiinitete, damu yake inapauka kwa sababu seli zinashindwa kuyatumia madini ya chuma ipasavyo, pamoja na madhara mengine ya ukuaji.

Sasa nirudi kwa tunikata, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Ukisikia mbili, nne, sita, nane, ishirini, unapata picha ya ngazi: kila kiumbe anapanda kidato kimoja kuelekea kwa binadamu, na ugonjwa ndio adhabu ya aliyefika juu. Picha hiyo si kweli. Tangu mwaka 2006 ushahidi wa DNA umeonyesha kwamba tunikata ndio jamaa wa karibu kabisa wa wanyama wenye uti wa mgongo, karibu kuliko amfioksi. Kwa hesabu ya ngazi, tunikata angetakiwa kuwa na mkia wa glutamini mbili, tatu au nne. Ciona hana hata mmoja pale mahali pake. Amfioksi aliye mbali zaidi anao, nungunungu wa bahari aliye mbali kuliko wote anao, na jamaa wa karibu hana. Maelezo yanayokaa sawa ni kwamba babu wa pamoja alikuwa nazo, na ukoo wa Ciona ukazipoteza. Tunikata ni ukoo ambao DNA yake imebadilika kwa kasi kubwa na kupoteza mengi, kwa hiyo hili halishangazi. Lakini linatufundisha namna ya kusoma historia ya jeni: kila ukoo ulikwenda njia yake, wengine wakirefusha, wengine wakibaki na nne kwa mamia ya mamilioni ya miaka, wengine wakifuta kabisa na wakaishi.

Je, mkia huu una faida, au ni uchafu uliojilimbikiza? Watafiti walijaribu kwa njia ya moja kwa moja. Mwaka 2006 ilitangazwa habari ya panya walioondolewa glutamini zao zote saba, protini iliyobaki ikiachwa nzima. Panya walizaliwa, wakakua, wakazaa. Kasoro zilikuwa ndogo, katika tabia na mwendo, na seli zao zikikuzwa maabara zilizeeka mapema. Kwa maoni yangu matokeo hayo yanasema wazi kwamba mkia ni kirekebishi. Protini inafanya kazi bila huo, lakini inafanya kazi tofauti kidogo ukiwepo. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema mkia mrefu ulisaidia kukuza ubongo wa mamalia. Wazo hilo lina mvuto na lina majaribio ya seli yanayoliunga mkono, ila mimi nasita kulibeba kama jambo lililokwisha thibitishwa, kwa sababu kurefuka kwa namba hizi kunaenda sambamba na ukubwa wa ubongo kwa wanyama wachache tu. Nguruwe na binadamu hawatofautiani sana kwa glutamini.

Tena kuna sababu nyingine ya mkia kurefuka, isiyohitaji faida yoyote. Seli inaponakili DNA yenye herufi zile zile zikirudiwa, hufanana na mtu anayenakili kwa mkono mstari wenye neno moja lililoandikwa mara ishirini: jicho likiteleza anaandika ishirini na moja, au kumi na tisa. Kadiri marudio yanavyokuwa mengi, ndivyo kuteleza kunavyozidi. Samaki mwenye glutamini nne yuko salama, hakuna mahali pa kuteleza. Binadamu mwenye ishirini yuko karibu na mteremko. Kwa hiyo ugonjwa haujakaa mwilini tangu enzi za nungunungu wa bahari ukisubiri kufutwa. Unazaliwa upya. Mwanamume mwenye marudio 27 hadi 35, asiyeumwa chochote, anaweza kumpa mtoto wake marudio 40, kwa sababu marudio hurefuka zaidi yanapopita katika utengenezaji wa mbegu za kiume. Mageuko yakiondoa familia moja, nyingine inaanza.

Ongeza na suala la umri. Uteuzi asilia huona uzao. Mtu anayeanza kuumwa akiwa na miaka 45 mara nyingi amekwisha kupata watoto wake, na nusu yao, kwa wastani, wamekwisha kurithi. Kwa hiyo kinga ya mageuko dhidi ya marudio 42 ni dhaifu, ilhali kinga yake dhidi ya kuipoteza jeni nzima ni kali ajabu.

Samaki hawaugui. Hakuna samaki anayejulikana kupata Huntington kwa asili yake, na sababu haiishii kwenye glutamini nne. Utafiti uliotangazwa mwaka 2025, uliopima seli moja moja za ubongo wa watu waliofariki kwa ugonjwa huu, ulionyesha kwamba marudio aliyozaliwa nayo mtu, tuseme 42, huendelea kurefuka ndani ya aina fulani ya seli za sehemu ya ubongo iitwayo striatamu. Kwa miongo kadhaa yanaongezeka polepole, seli ikifanya kazi kama kawaida, kisha yanakwenda kasi, na yakipita kama 150 seli inaanza kuharibika. Ugonjwa unahitaji mwanzo mrefu, na unahitaji muda. Ndiyo maana panya wa maabara, anayeishi miaka miwili hivi, hubidi apewe marudio zaidi ya mia ili dalili zionekane. Hii pia imegeuza macho ya watafiti wengi kuelekea protini zinazokarabati DNA, hasa MSH3, kwa sababu hizo ndizo zinazochochea urefukaji ndani ya seli, na huenda zikazuilika bila kuigusa huntingtini.

Sasa wewe. Mgonjwa ni ndugu wa baba yako. Kama alirithi kutoka kwa babu au bibi yako, baba yako alizaliwa akiwa na nafasi nusu kwa nusu, na wewe robo. Nafasi hiyo inapungua kadiri baba yako anavyosogea umri akiwa mzima. Baba akiwa hana marudio marefu, wewe na wadogo zako hamna la kurithi, kwa maana ugonjwa hauruki kizazi. Na kama babu na bibi waliishi hadi uzeeni bila dalili, inawezekana mmoja wao, hasa babu, alikuwa na marudio ya kati, yale 27 hadi 35, na kwa baba yako mdogo ndipo yalipovuka mpaka. Hapo hesabu ya baba yako ni tofauti, na daktari wa jenetiki ataifanya akiwa na namba mkononi.

Jambo moja la kuhakikisha mapema: kuna ugonjwa unaofanana mno na huu, unaoitwa Huntington-kifani aina ya 2, unaotokana na marudio katika jeni tofauti kabisa, JPH3. Karibu wagonjwa wote wanaojulikana ni wenye asili ya Afrika. Kwa macho, hata daktari mzoefu hawezi kuutofautisha. Kwa hiyo muulize baba yako mdogo kama alipimwa DNA au alitazamwa dalili tu, na kama ni DNA, jeni gani ilipimwa na marudio ni mangapi. Cheti cha maabara kitakuwa na namba mbili, moja kwa kila nakala. Pata namba hizo kwa idhini yake kabla hujaamua lolote kuhusu kujipima. Ukifika hapo, kipimo kinatanguliwa na ushauri nasaha, ni kwa mtu mzima aliyeamua mwenyewe, na una haki ya kutotaka kujua na ya kubadili nia hata siku ya kupokea majibu.